Ndoa ikivunjika Marekani, makaratasi hayafi nayo

NENO LANGU
Na Zuhura Makame

"Vumilia, mwanangu, upate kwanza makaratasi." Ushauri huu huvuka bahari kwa simu kila wiki, kutoka Tanga, Mombasa na Unguja, na wanaoutoa hawana nia mbaya. Mashangazi na mama wakubwa wamesikia kwamba binti aliyeolewa na Mmarekani akiachana naye anarudishwa na begi lake. Basi wanamwambia akae. Akae na matusi, akae na kipigo, akae na mume aliyekwisha kuhamia kwa mwanamke mwingine na anayerudi kufuata barua zake tu. Nasema ushauri huo ni mbaya, na sheria ya Marekani yenyewe haiudai.

Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuomba uraia baada ya miaka 5 ya ukaazi. Aliyefunga ndoa na raia hupunguziwa ikawa miaka 3, kwa sharti kwamba muda huo wote wawe wameishi pamoja kama mume na mke. Wakitengana, anachopoteza ni huo upunguzo wa miaka 2. Atasubiri itimie mitano kama jirani yake aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza, na fomu anaweza kuipeleka hadi siku 90 kabla. Saini ya mume haihitajiki popote kwenye ombi hilo.

Penye mtihani ni kadi ya miaka 2. Kama ndoa ilikuwa haijatimiza miaka 2 siku ukaazi ulipotolewa, mgeni hupewa kadi yenye masharti, na katika siku 90 kabla haijaisha mke na mume wanatakiwa kujaza pamoja fomu I-751 ya kuyaondoa masharti hayo. Hapo ndipo mume mjeuri anapopata fimbo: "Sisaini." Sheria ililiona hilo zamani. Mwenye talaka ya mahakama mkononi anaijaza peke yake, akionyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli: mkataba wa pango wenye majina ya wote wawili, karatasi za kodi walizojaza pamoja, akaunti ya benki, watoto, picha. Aliyepigwa au kunyanyaswa hana haja ya kusubiri hata hiyo talaka. Mwanamume aliyenyanyaswa na mkewe ana haki ileile, ingawa wanaume wetu hawako tayari kulisema jambo hilo hata mbele ya daktari.

Na yule anayetishia, "Napiga simu moja tu, wakurudishe kwenu"? Apige. Kabla kadi haijatoka, kweli, anaweza kuliondoa ombi alilompelekea mkewe. Ikishatoka, hana mamlaka ya kuifuta. Mwenye neno hapo ni jaji wa uhamiaji, na mwenye kadi atasikilizwa kwanza. Tena ile hati ya udhamini, I-864, aliyoisaini wakati wa mapenzi, haifi kwa talaka. Inamfunga mpaka mke awe raia, au afikishe takriban miaka 10 ya kazi, au aihame nchi moja kwa moja, au mmoja wao afariki. Kwa hiyo bwana mwenye vitisho ndiye anayepaswa kumwombea mtalaka wake uraia usiku na mchana.

Kinachowaponza watu ni uongo. Huko ughaibuni wanafundishana: hama, lakini jina lako libaki kwenye pango, halafu siku ya usaili nendeni mmeshikana mikono. Afisa anauliza maswali chini ya kiapo. Anayesema uongo ili apate uraia huhesabiwa hana mwenendo mwema, ombi lake linakataliwa, na hata akiwa ameshaapishwa, mahakama inaweza kumvua uraia huo. Yote hayo kwa ajili ya kuokoa miaka 2.

Kwa Waislamu kuna tego jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Mume ametamka talaka tatu sebuleni Columbus, Ohio. Sheikh ameandika karatasi, eda imekwisha. Kidini wameachana, lakini kwa sheria za Ohio bado ni mke na mume, kwa sababu huko ndoa huvunjwa na mahakama. Mke akijaza kwenye fomu N-400 ya kuomba uraia kwamba ameachika, ameandika lisilo sahihi. Akiomba kwa njia ya miaka 3 kwa kuwa bado wameoana kisheria, amekosea tena, maana hawaishi pamoja. Ama aende mahakamani kwanza, ama ajaze kwamba wametengana na asubiri miaka yake 5.

Wababa nao wasijidhani wako salama. Aliyetengana na mkewe kisha akaacha kwa makusudi kuwahudumia wanawe, bila sababu ya msingi, anaweza kunyimwa uraia kwa kukosa mwenendo mwema. Bwana anayezikimbia bili za watoto Houston huku akisoma maswali ya historia ya Marekani anajisumbua bure.

Mtanzania ana la ziada la kupima: nchi yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, tofauti na Kenya baada ya Katiba ya 2010. Wapo wanaoamua kubaki na kadi yao ya miaka 10 na kuihuisha ikiisha muda. Uamuzi huo nauheshimu.

Wengine wote nawaomba jambo moja, hasa ninyi mashangazi. Binti akipiga simu analia, msimwambie avumilie. Mwambieni atafute mwanasheria wa uhamiaji, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, na wala si jamaa wa kijiweni anayejaza fomu kwa dola 100. Kisha mwambieni aichukue kadi yake aisome tarehe aliyoanza ukaazi. Miaka 5 inahesabiwa kuanzia hapo, awe na mume au asiwe naye.