Tiketi ya Wawili Iwaingize Wawili: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Tamasha la Michezo ya Kuigiza, Nairobi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea kwanza shukrani zangu. Kuandaa michezo ya kuigiza kwa bei inayomudiwa na karani, fundi na mwanafunzi ni jambo jema, na wachache wenye cheo kama chako wamewahi kulijaribu. Lakini yaliyotokea langoni usiku wa ufunguzi yananilazimu niandike hadharani. Ofisi yako iliuza tiketi ya shilingi 800 ambayo chini ya jina la mchezo yamechapishwa, kwa herufi nzito, maneno "Huingiza watu wawili". Jioni hiyohiyo walinzi waliamriwa wahesabu kila tiketi kuwa ya mtu mmoja, na aliyekuja na mwenzake aongeze shilingi 800 nyingine au warudi. Mimi na rafiki yangu tulikuwa miongoni mwa waliorudi. Pesa hazijarejeshwa hadi leo wala ofisi haijatoa maelezo. Yapo na mengine: mchezo kuchelewa kuanza, vyoo kufungwa, ratiba kubadilishwa bila taarifa. Hayo nayaacha. Ninalolipigania ni hili moja, kwamba rafiki alifungiwa nje.

Mtu hazoei thieta kwa kusoma bango. Huizoea kwa kupelekwa. Humu nchini wapo watu wengi walioigiza shuleni, wakashindana hadi ngazi ya taifa, kisha wakamaliza Kidato cha Nne na hawakukanyaga ukumbi tena. Si kwamba mapenzi yaliwaisha. Walikosa wa kuwaambia "twende", na anayesema hivyo mara nyingi ni rafiki aliyekwisha kununua tiketi. Tena mchezo mzuri hauishi taa zinapozimwa. Unaendelea njiani hadi steji ya matatu, mmoja akishikilia kwamba mke katika hadithi alikosea, mwenzake akimtetea kwa nguvu zote. Ukimfungia rafiki nje, umempoteza yeye pamoja na huyo aliyemleta, kwa sababu hakuna mwenye haya atakayemkaribisha mtu mara ya pili mahali alipomwaibisha mara ya kwanza.

Waliofanikiwa katika kazi hii walilielewa hilo. Jijini New York, Joseph Papp alijenga desturi ya kuonyesha Shakespeare bure bustanini, na mwaka 1959 Robert Moses, aliyesimamia bustani za jiji, alipodai kiingilio kitozwe ili kugharamia nyasi zilizokanyagwa, Papp alikataa, akaenda mahakamani, akashinda. Katika Central Park, anayepanga foleni amekuwa akipewa tiketi mbili, yake na ya mwenzake. Jijini Paris, Jean Vilar alipokabidhiwa Théâtre National Populaire mwaka 1951, hakuishia kupunguza bei ya kiti. Alianzisha maonyesho mapema ili wanaoishi vitongojini wawahi usafiri wa kurudi, akapiga marufuku bakshishi, akaondoa malipo ya kuhifadhi makoti. Alijua kwamba gharama inayotajwa mlangoni ndiyo inayomrudisha mtu nyumbani. Na tusiende mbali: pale Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walijijengea jukwaa lao wenyewe, wakaigiza mchezo kwa Kigĩkũyũ, na watu walimiminika pamoja na jamaa na majirani zao hadi serikali ilipoupiga mchezo ule marufuku.

Nitajibiwa kwamba waigizaji wanastahili kulipwa na kwamba tiketi ya wawili inawapunja. Waigizaji walipwe, tena vizuri. Lakini kiti kilichobaki kitupu mchezo ukianza hakimlipi mwigizaji hata senti moja, na usiku ule wawili walirudishwa ili kumkomoa mmoja. Ikiwa hesabu zilionyesha kwamba bei hiyo haiwezekani, mahali pa kusema hivyo palikuwa dirishani kabla ya kuuza. Nitajibiwa pia kwamba walanguzi wangenunua tiketi na kuuza nafasi ya pili. Hofu hiyo ni ya kweli, nayo ina dawa rahisi: wawili waingie kwa pamoja. Wengine watasema anayependa sanaa kwa dhati ataongeza hizo 800. Huyo wa dhati amekwisha kununua. Tunayemzungumzia ni yule ambaye bado hajaipenda, na ambaye bei ile iliwekwa kwa ajili yake.

Kinachonikera zaidi, Mheshimiwa, ni kwamba mwenendo huu ni wa ofisi zetu nyingi za umma. Bei hutangazwa kwenye bango, masharti hufichuliwa langoni, na mwananchi aliyesafiri kutoka Kayole au Kawangware huachiwa achague kati ya kulipa zaidi na kukubali kwamba nauli yake imepotea. Mlinzi aliyetumwa kutamka amri hiyo ndiye aliyetukanwa. Waliotoa amri hawakuwepo.

Naomba basi ofisi yako imrudishie fedha kila aliyenunua tiketi ile, kwa namba ileile ya simu aliyolipia. Itangaze wazi nani aliamua kuibatilisha, na kwa sababu gani. Na katika maonyesho yaliyosalia, kila tiketi iliyochapishwa "watu wawili" iwaingize watu wawili, kuanzia usiku wa leo. Mlango unafunguliwa saa kumi na mbili.

Wako,
Mtazamaji, Nairobi