Tuifunge kamari kwenye Wi-Fi za nyumbani

NENO LA KARATU
Na Martha Tluway

Karatu ni mji wa pesa za msimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba magari ya watalii hupita hapa kuelekea lango la Lodoare na kreta ya Ngorongoro, na dereva, mpishi wa kambi na mhudumu wa loji hurudi nyumbani na tipu mfukoni. Mang'ola nako, vitunguu vikiuzwa, kijana hushika kwa siku moja pesa aliyoisubiri kwa miezi. Masika yakifika magari hupungua, na familia huishi kwa kile ilichoweka akiba. Akiba hiyo ndiyo kubeti kunayoila.

Zamani mkeka ulikuwa shughuli ya Jumamosi: unachagua timu, unaweka dau, unasubiri jioni uone kama umechanika. Sasa kuna michezo ya kasino ya kwenye simu, kama Aviator, ambayo raundi yake huisha kwa sekunde chache, usiku na mchana, hata siku isiyo na mechi. Mtu anaweza kumaliza tipu ya safari nzima akiwa amekaa sebuleni kwake, tena kwa intaneti inayolipiwa na familia ile ile anayoipunja.

Kubeti ni halali nchini kwa aliyetimiza miaka 18, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo inayotoa leseni. Lakini leseni ya kampuni hailazimishi nyumba yoyote kuikaribisha. Mwenye nyumba ana haki ya kuamua kinachopita kwenye ruta yake, na namna ya kufanya hivyo si ngumu.

Simu haifungui tovuti kabla ya kuuliza anwani yake ya namba, na mtambo unaojibu huitwa DNS. Kwa kawaida ni wa kampuni inayokuuzia intaneti, lakini unaweza kuubadilisha. Huduma kama OpenDNS na NextDNS hukuwezesha kufungia kundi zima la tovuti za kamari; simu ikiuliza anwani ya tovuti hizo, haipewi jibu la kuifikisha huko. NextDNS ni bure hadi maswali 300,000 kwa mwezi. Yakizidi, kichujio kinasimama. Ingia kwenye mipangilio ya ruta (anwani na nywila mara nyingi zimebandikwa chini yake), weka DNS mpya, kisha badilisha nywila ya kiwandani, la sivyo kijana ataiondoa kazi yako siku hiyo hiyo.

Ruta ikikataa, nenda kwenye simu zenyewe. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya DNS ya faragha. Ukiweka hapo anwani ya NextDNS, kichujio kinafanya kazi hata mtu akiwa kwenye bando, nje kabisa ya nyumba. Ipo pia programu ya bure iitwayo BetBlocker, ambayo mtu hujiwekea mwenyewe kwa muda anaouchagua.

Hata hivyo kuna mlango ambao ruta haiufikii. Hapa kwetu mtu anaweza kubeti kwa menyu ya simu ya kitochi, bila intaneti, na kulipa kwa pesa ya simu. Ndiyo maana ufungaji wa kimyakimya hausaidii. Mtoto anahitaji kufungiwa na kuelezwa sababu. Mtu mzima anahitaji kukubali mwenyewe, kisha amkabidhi mwenza wake au dada yake nywila ya ruta, na tipu iende kwenye kikundi cha kuweka na kukopa kabla haijakaa kwenye simu. Ukimfungia mume au kaka kwa siri, atahamia kwenye menyu na ataanza kukuficha mengine.

Mlango huo wa menyu na pesa ya simu hauwezi kufungwa na familia peke yake. Uingereza ina mfumo wa GAMSTOP: mtu anajiandikisha mara moja, na tangu Machi 2020 kila kampuni ya kamari ya mtandaoni yenye leseni pale inalazimika kuwemo na kumkataa. Bodi yetu, kampuni za kubeti na kampuni za simu zinaweza kutupatia huduma kama hiyo: namba moja fupi, ambayo mtu akiipiga, kampuni zote zinakataa dau lake, na pesa yake ya simu haitoki kwenda huko.

Tuidai huduma hiyo kwa wabunge wetu. Nanyi wenye nyumba wa Karatu, Rhotia, Oldeani na Ngorongoro, msisubiri Dodoma. Kaeni na familia wiki hii, mkubaliane, kisha mfunge.