Mbegu Haisagwi

Kila ngoma ya vita inapolia, hujitokeza watu wenye neno moja la kumrushia anayeomboleza: msaliti. Mimi nasema msaliti ni yule aliyemwambia mtoto kwamba kufa ni sifa. Na shahidi wangu ni mama mmoja wa Kijerumani, mchoraji Käthe Kollwitz.

Msidhani aliichukia nchi yake. Agosti 1914 mwanawe Peter, kijana wa miaka 18, alitaka kuingia jeshini, na kwa umri wake alihitaji ridhaa ya baba. Baba, daktari aliyewatibu wafanyakazi maskini wa Berlin, alikataa. Mama ndiye aliyemsihi mumewe mpaka akakubali. Oktoba mwaka huohuo Peter aliuawa Ubelgiji.

Mkono uliomfungulia mtoto mlango ndio uliokuja kushika patasi. Mwaka 1923 Kollwitz alitoa picha 7 alizozichonga kwenye mbao na kuzichapa kwa wino mweusi, akaziita "Vita". Tafuta humo bendera, huioni. Tafuta jenerali, mzinga, ushindi; hamna. Yumo mama aliyeinua kichanga chake kama anayetoa kafara. Wamo wazazi waliopiga magoti na kukumbatiana hadi huzuni imewafanya donge moja. Na wamo vijana wa kujitolea wakiifuata Mauti, nayo inawapigia ngoma. Aliye ubavuni mwa Mauti ni Peter.

Halafu aje mtu aniambie picha kama hizi zinavunja moyo wa taifa! Ni moyo gani huo unaovunjwa na wino lakini hauvunjwi na maiti? Uzalendo unaoogopa uso wa mama mfiwa umekwisha kukiri kosa lake.

Oktoba 1918, Ujerumani ikiwa ukingoni mwa kushindwa, mshairi Richard Dehmel aliwaita wanaume wajitolee tena. Kollwitz alimjibu hadharani, gazetini, na hoja yake ilikuwa kwamba mbegu haisagwi. Mkulima yeyote wa kwetu angemwelewa: hata njaa ikubane vipi, mbegu ya msimu ujao huipeleki kinuni.

Vita hivyohivyo vilifika kwetu. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, watu waliobebeshwa risasi na unga porini, wakafa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu. Katikati ya Dar es Salaam askari wa shaba amesimama na bunduki yake tangu 1927. Mama wa mpagazi sanamu yake iko wapi? Nani alimchora akingoja mlangoni? Tumeachiwa bunduki tuiheshimu, kilio kikafutwa, nasi tunapita pale kila siku bila kuuliza.

Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 walimlazimisha Kollwitz kujiuzulu katika Akademia ya Sanaa ya Prussia. Hakuacha kuchora. Mwaka 1942, akiwa bibi wa zaidi ya miaka 70, alichora mama aliyewatandazia wavulana watatu mikono yake kama kuku na vifaranga, nao wanachungulia nje, wanataka kutoka. Jina la mchoro ule ni ileile hoja ya mbegu.

Septemba ya mwaka huo mjukuu wake aliuawa vitani Urusi. Naye aliitwa Peter.