Hati ya Ukaguzi Si Dhamana ya Gari Lililotumika

Kwa jamaa wengi siku hizi, gari si anasa tena. Ndilo lipelekalo mazao sokoni, ndilo limfikishalo mgonjwa hospitalini usiku wa manane, na pengine ndilo liilishalo nyumba nzima. Lakini gari jipya haliwezi kununuliwa kwa mshahara wa kawaida. Kwa sababu hiyo, magari yaliyokwisha tumiwa Japani hushushwa kwa wingi katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kisha hupelekwa hadi Kampala, Kigali, Bujumbura na miji ya mashariki ya Kongo. Jamaa hukusanya akiba ya miaka mingi, huuza ng'ombe au hukopa katika chama, na siku ya kununua muuzaji huwaonyesha karatasi moja: hati ya ukaguzi. Wakiisha kuuona muhuri, roho zao hutulia na fedha hutolewa. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa maana hati hiyo haisemi yote wanayodhani inasema.

Ukaguzi wa magari ulianzishwa ili kulinda maisha ya watu barabarani, wala haukuanzishwa ili kulinda mfuko wa mnunuzi. Uingereza ilipouanza mwaka 1960, magari yaliyokaguliwa ni yale yaliyofikisha miaka 10, na mambo yaliyotazamwa yalikuwa matatu: breki, taa na usukani. Magari mengi yalishindwa, na umri huo ukapunguzwa hatua kwa hatua hata kufikia miaka 3 mwaka 1967. Japani nayo hulikagua gari jipya la mtu binafsi baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Gharama za ukaguzi huo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya Wajapani waachane na magari ambayo bado yana nguvu, nayo yakavuka bahari kuja huku.

Mkaguzi hufanya kazi yake kwa macho, kwa mikono na kwa mashine chache. Hatakiwi kufungua injini wala kuvua sehemu yo yote ili aone kilichomo ndani. Huko Uingereza hata leo ukaguzi haugusi hali ya injini, klachi wala gia. Tena hati hueleza hali ya gari siku ile lilipokaguliwa. Haiwezi kueleza hali ya kesho yake. Na wapo wauzaji wajanja ambao huazima tairi nzuri kwa siku moja, au huziba tundu la kutu kwa gundi na rangi, na hati ikiisha patikana kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Kwa hiyo, mkaguzi aweza kuwa mwaminifu kabisa na gari likawa bovu vile vile.

Kuna kasoro ambazo huonekana mara kwa mara, na mnunuzi aweza kuzitambua mwenyewe kabla ya kumwita fundi. Ya kwanza ni taa. Balbu iliyokufa, indiketa isiyowaka na kioo cha taa kilichofifia kwa jua huyaangusha magari mengi kuliko kasoro nyingine. Katika nchi ambazo magari hupita upande wa kulia, kama Burundi, Rwanda na Kongo, kuna jambo jingine linalosahauliwa. Gari la Kijapani limeundwa kwa barabara za kupita kushoto, na taa zake zinapoinamishwa humulika zaidi upande huo. Huku kwetu upande huo ndiko atokako dereva wa mbele, naye hupigwa mwanga machoni. Gari laweza kuwa na hati safi ya Japani na bado likawa hatari kwa wengine usiku, mpaka taa hizo zibadilishwe.

Ya pili ni tairi. Katika nchi nyingi kina cha mifereji ya tairi hakiruhusiwi kupungua chini ya milimita 1.6. Lakini kina peke yake hakitoshi, kwa sababu mpira huzeeka hata kama gari limesimama. Ubavuni mwa tairi huwa na tarakimu 4 ndani ya duara lenye umbo la yai: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyolika upande mmoja tu huonyesha kuwa magurudumu hayakunyooka, au kwamba viungo vya chini vimechoka.

Ya tatu ni viungo vya usukani na springi. Gurudumu la mbele likiinuliwa kwa jeki na kutegemezwa vema, mtu hulishika juu na chini akalitikisa. Likicheza, bearingi au viungo vimelegea. Akilishika kushoto na kulia likacheza, huenda fimbo za usukani ndizo mbovu. Shokamzoba hupimwa kwa kuikandamiza pembe ya gari na kuiachia ghafula: gari likiruka-ruka zaidi ya mara moja au mbili, zimekwisha.

Ya nne ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni breki. Katika ukaguzi huonekana kama magurudumu ya kushoto na ya kulia yanashika sawa, na kama mabomba yake hayavuji. Hali ya mafuta ya breki ni shida zaidi kuiona kwa macho. Mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani kidogo kidogo. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huvumilia joto la nyuzi 205 za sentigredi kabla ya kuchemka. Yakiisha kunyonya maji, kiasi cha asilimia 4 hivi, huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Katika mji wa tambarare dereva hatatambua lo lote. Lakini itokapo Bugarama, penye zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, barabara hushuka hadi Bujumbura, penye mita 800 hivi, katika mwendo usiofika kilomita 50. Dereva akishuka huko huku amekanyaga breki tangu mwanzo hadi mwisho, mafuta machakavu huchemka, mvuke hujaa mabombani, na pedali huzama hata sakafuni bila gari kusimama. Mafuta ya breki si ghali, na yafaa yabadilishwe mara tu gari linaponunuliwa, kisha kila baada ya miaka 2. Dereva naye hana budi kushuka kwa gia ndogo.

Yabaki yale ambayo hati haiyataji. Injini itazamwe asubuhi ikiwa baridi, kwa maana muuzaji aliyekwisha ipasha moto huenda anaficha kitu. Moshi wa samawati huonyesha kuwa injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huonyesha kwamba maji yanaingia ndani. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, yaelekea gasketi ya silinda hedi imepasuka. Kilomita zisisomwe kwenye saa ya gari peke yake: zilinganishwe na hati za Japani, na zilinganishwe na mpira wa pedali. Pedali iliyolika hata chuma kuonekana haiwezi kuwa ya gari lililokwenda kilomita 40,000 tu. Namba ya chesi nayo ilingane na karatasi tarakimu kwa tarakimu.

Kwa hayo yote, jamaa wenye busara hufanya mambo matatu. Humtafuta fundi wao wenyewe, wala hawamkubali aliyeletwa na muuzaji. Huliendesha gari kwenye mlima na kwenye barabara mbovu, mbali na ua wa muuzaji. Na hawatumii akiba yote siku ya kununua: huacha fungu kwa ajili ya tairi, mafuta ya breki na matengenezo ya kwanza, ambayo hayakosekani. Mama wa nyumba, ambaye mara nyingi ndiye mtunzaji wa akiba hiyo, anayo haki ya kuuliza maswali haya yote kabla ya fedha kutolewa, hata kama muuzaji atakunja uso.

Rahisi huvunja upishi, walisema wazee. Hati ya ukaguzi ni kitu chema, na gari lisilo nayo lisinunuliwe. Lakini iwe ndio mwanzo wa uchunguzi. Siku gari litakaposhuka mlima likiwa na watoto kiti cha nyuma, muhuri utakuwa umelala katika kabati nyumbani. Kitakacholisimamisha ni breki tu.