Chuo Mmetupa, Kitanda Kiko Wapi?

Kila mwaka wa masomo ukianza, Kasongo hupokea watoto wa Kabambare, wa Salamabila, wa ng'ambo ya Lualaba. Hotuba ni zilezile: mji wetu ni mji wa elimu, tuna Chuo Kikuu cha Kasongo, UNIKAS! Hotuba zikiisha, mwanafunzi anajitwika godoro na kupita parsela kwa parsela akiomba chumba.

Kila aliyetawala hapa alijua kuwalaza watu aliowahitaji. Tippu Tip aliustawisha mji huu kwa migongo ya watumwa, na jeshi la Dola Huru la Kongo chini ya Dhanis lilipouteka Aprili 1893 lilikuta nyumba na mashamba ya kushangaza. (Wanaojisifia mji ule wakumbuke nani alifyatua matofali yake.) Wabelgiji walipohitaji makarani na vibarua waliunda Office des Cités Africaines mwaka 1952, ikajenga nyumba zipatazo 40,000, Matete na Bandalungwa za Kinshasa ni kazi yake. Kampuni ya Banro ilipoitaka dhahabu ya Namoya, Salamabila, wafanyakazi wake walijengewa kambi. Leo Serikali ina PDL-145T, programu ya teritwari 145: shule, vituo vya afya, majengo ya utawala. Administrata amefikiriwa ofisi. Mwanafunzi hakufikiriwa hata mkeka.

Wala msituambie ardhi ni ghali. Sheria ya 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Dola. Ibara ya 48 ya Katiba inatuahidi makao ya heshima, maji na umeme. Na mwenye nyumba naye amewekewa mpaka: sheria ya Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Anayemdai mwanafunzi miezi sita ni mvunja sheria, hata akiwa mheshimiwa wa mtaa.

Hatuombi ghorofa. Tunaomba nyua: vyumba kumi au kumi na viwili vikizunguka uwanja mmoja, matofali ya kuchoma yanayofyatuliwa hapahapa, mabati, varanda pana ya kusomea mvua inaponyesha, jiko moja la pamoja, kisima chenye pampu, taa za sola. Kodi ilipwe mzazi anapouza mpunga au mawese. Mkulima hana mshahara wa mwisho wa mwezi, kwa nini mwanawe adaiwe kila tarehe 30? Na kodi hiyo ibaki uani: itengeneze bati linalovuja, isipande gari kwenda Kindu.

Tena pasiwe pa wanafunzi peke yao. Fundi cherehani anayeanza, kijana wa pikipiki, mwalimu kijana anayefundisha bila kulipwa na Serikali, wote wanahangaikia chumba kilekile. Homu, yaani bweni, ya wanafunzi watupu ni rahisi kuifunga: Januari 2020 wakazi wa homu za UNIKIN, Chuo Kikuu cha Kinshasa, waliamriwa watoke baada ya vurugu, wenye hatia na wasio na hatia. Mtaa wenye mafundi, walimu na kamati yake yenyewe hauvunjwi kwa tangazo moja la waziri.

Nawasikia wazee: vijana wa kike na wa kiume mtaa mmoja, si uasherati huo? Wazee wangu, shikamoo, lakini ulizeni binti anayekaa kwenye chumba cha nyuma cha mzee mwenye wake wawili, anayeambiwa kodi inaweza kusamehewa akiwa "mwelewa". Hapo maadili yamelindwa na nani? Ua wa wasichana wenye mlango wao na kufuli lao unamlinda binti kuliko mahubiri yenu yote. Mabinti wengine wanakata tamaa, wanarudi kijijini kabla ya mtihani, halafu mnauliza mbona darasani wamejaa wavulana.

Waheshimiwa wadeputé wa Kasongo na Kabambare, kura zetu mmezila pamoja na wali wetu. Kabla mwaka ujao wa masomo haujafunguliwa, tuonyesheni karatasi moja: hati ya kiwanja karibu na chuo, yenye muhuri wa ofisi ya ardhi, iliyoandikwa kwa jina la jumuiya ya wakazi wake. Matofali tutachoma wenyewe.