Kwa nini niliacha kutabiri Mwanariadha Bora wa Mwaka

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, kazi za wateja zilinibana. Leo hapa Mariakani umeme upo na chai ipo, basi niwalipe deni: niliahidi kueleza kwa nini niliiweka kando ile programu yangu ya kutabiri tuzo.

Mwaka 2023 niliandika programu ndogo ya kutabiri Mwanariadha Bora wa Mwaka wa Dunia, upande wa wanaume. Kanuni zake zilikuwa rahisi. Rekodi ya dunia, pointi 10. Dhahabu ya Olimpiki au ya mashindano ya dunia, pointi 8. Mbio za kupokezana vijiti sikuzihesabu. Mwenye pointi nyingi ndiye mshindi, kazi kwisha.

Kijana mmoja anayepakia mizigo karibu na mizani ya malori akasikia habari hiyo. "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta. Nipe jina moja tu." Programu ilisema Armand Duplantis, yule Mswidi anayeruka kwa fito, maana alikuwa na rekodi mbili na dhahabu moja. Mwenzake akamcheka. Kelvin Kiptum alikuwa ametoka kukimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35, rekodi ya dunia, utamwachaje mtoto wa nyumbani? Wakawekeana shilingi elfu mbili kila mmoja, pesa zikashikwa na mama muuza chai.

Desemba 11 matokeo yakatoka Monaco. Badala ya mwanamume mmoja wakatangazwa watatu: Noah Lyles kwa mbio za uwanjani, Duplantis kwa kuruka na kurusha, na Kiptum (Mungu amrehemu, alituacha Februari 2024) kwa mashindano ya nje ya uwanja. Wanawake pia walikuwa watatu, akiwemo Faith Kipyegon wetu. Sasa nani alikuwa ameshinda dau? Vijana nusura washikane mashati. Mama akamrudishia kila mtu chake na kuwafukuza. Mimi nikabaki kuonekana tapeli.

Usiku ule nikaijaribu programu kwa miaka ya nyuma, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Nikaona aibu tupu.

Mwaka 2012 ilimweka Usain Bolt nyuma ya David Rudisha, aliyeshinda mita 800 kwenye Olimpiki ya London kwa rekodi ya dunia ya 1:40.91. Tuzo ilikwenda kwa Bolt. Mwaka 2018 ilitoa sare: Eliud Kipchoge na Mfaransa Kevin Mayer wa dekathloni, ambao waliweka rekodi zao siku moja, Septemba 16. Tuzo alichukua Kipchoge. Mwaka 2019 ndio ulionimaliza kabisa. Programu ilimpa Kipchoge sifuri! Marathoni ya London si mashindano ya dunia, na zile 1:59:40 za Vienna hazikutambuliwa kama rekodi. Lakini ni nani asiyeikumbuka siku ile? Tuzo ikaenda kwake tena.

Mnaona kosa liko wapi? Nilikuwa nikipima wanariadha, na tuzo haitolewi na saa ya uwanjani. Hutolewa kwa kura. Mwaka 2023 baraza la shirikisho la riadha duniani lilikuwa na asilimia 50 ya kura, wadau wa riadha 25 na mashabiki mitandaoni 25. Sisi watu wa Mariakani tunaijua mizani: lori likipanda, uzito unasomeka, hata dereva awe nani. Tuzo ni baraza la watu. Wana mapenzi yao, wana kumbukumbu fupi, na wanaweza kubadilisha utaratibu, kama walivyotoa washindi watatu mahali nilipotegemea mmoja.

Wamarekani waliligundua hili zamani kwenye besiboli. Bill James na Rob Neyer walitunga kanuni ya kutabiri tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa msimu. Ushindi mmoja pointi 6, kushindwa kunakata 2, na ambaye timu yake imeongoza divisheni anaongezewa 12. Hizo 12 hazimfanyi mtu arushe vizuri zaidi. Ziliwekwa kwa sababu waandishi wa habari wanaopiga kura walipenda timu zinazoshinda. Yaani kanuni ile ilikuwa picha ya wapiga kura.

Na wapiga kura hubadilika. Mwaka 2010 Félix Hernández alishinda tuzo hiyo akiwa ameshinda michezo 13 na kushindwa 12. Mwaka 2018 Jacob deGrom akaichukua kwa ushindi 10 na kushindwa 9. Waandishi walikuwa wameacha kuhesabu ushindi kama zamani. Tena wao wana nafuu: wapiga kura ni 30 kwa kila ligi, na kura zao huchapishwa. Mimi wa riadha nitasomaje akili za maelfu ya mashabiki nisiowajua?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Ukiandika programu ya kutabiri chochote, kwanza uliza nani anaamua. Kama ni saa au mizani, hesabu namba. Kama ni watu, wasome watu, na umwambie wazi anayeitumia kwamba unakisia mioyo yao.

Yule kijana bado hunijia kila msimu ukiisha. "Kaka, safari hii jina ni nani?" Namwambia atabiri kwa mdomo, abishane mpaka chai ipoe, lakini pesa ya unga aiache mfukoni. Hajakubali bado. Nami jina sijampa.

Haya, tukutane tena nikipata muda.