Tangi la Matumbawe Lina Somo kwa Ghala la Ufipa

Mwanafunzi wa Sumbawanga aweza kumaliza masomo yake ya sekondari bila kuiona bahari. Kutoka mji huo hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na nyanda za juu za Ufipa, zilizoinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Ziwa Rukwa, zina baridi ambayo matumbawe yasingeistahimili. Huenda basi mwanafunzi huyo akauliza: kwa nini nisome habari za viumbe wanaokula matumbawe ndani ya matangi ya kioo, yanayowekwa sebuleni na watu wa nchi za mbali?

Kwanza, Ufipa si mgeni katika matangi hayo. Samaki wa jamii ya Tropheus kutoka Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika chini ya nyanda hizo, hufugwa Ulaya na Marekani kwa jina hilohilo la Kasanga. Pili, na hili ndilo kusudi la makala haya, kosa linalofanywa na mfugaji wa matumbawe mbele ya tangi lake ni lilelile tunalolifanya sisi mbele ya magunia yetu ya mahindi.

Matumbawe si mawe wala si mimea. Ni wanyama wadogo wanaoishi kwa makundi, na kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa. Ndani ya miili yao huishi miani midogo sana, ambayo hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Mfugaji huwapa maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 25 hadi 27, mwanga mkali na mwendo wa maji. Akitaka kuongeza aina, hununua kitawi kilichokatwa kwenye tumbawe la mfugaji mwingine, akakibandika juu ya jiwe, nacho kikakua.

Pamoja na kitawi hicho huingia adui. Mmojawapo ni mnyoo bapa anayekula matumbawe ya jamii ya Acropora. Mwili wake ni mwembamba kama karatasi na rangi yake hufanana na ya tumbawe analolila, hata mtu aweza kulitazama tumbawe kwa siku nyingi asimwone. Kinachoonekana ni alama za midomo yake, yaani madoa meupe yanayozidi kuenea. Wafugaji walimfahamu kwa hasara zake kabla wataalamu hawajampa jina la kisayansi, jambo lililofanyika mwaka 2011. Mwaka uliofuata ilitangazwa kwamba ameonekana pia katika miamba ya bahari ya Australia. Huko baharini wapo samaki na kamba wa aina nyingi wa kumla. Ndani ya tangi ana chakula tele na adui hana, naye huzaana mpaka akaangamiza makundi mazima ya matumbawe.

Mfugaji hufanya nini? Hufanya kama wafugaji wa ng'ombe wafanyavyo: hulipeleka tumbawe kwenye josho. Hulitia katika ndoo ya maji yenye dawa kwa dakika chache, akalitikisa, na minyoo ikaanguka chini. Hufurahi, akalirudisha tumbawe tanginito. Baada ya wiki mbili madoa meupe huonekana tena. Safari hii huongeza ukali wa dawa, na mara nyingi aungulaye ni tumbawe lenyewe.

Kosa lake ni kutojua kwamba mnyoo yule hutaga mayai chini ya kitawi, kwenye chokaa tupu isiyo na nyama, na kwamba mayai hayo yana ganda ambalo dawa ya josho haipenyi. Yeye aliua wazazi akaacha watoto. Mfugaji wa ng'ombe hawezi kushangazwa na habari hii, kwa sababu kupe naye hutaga mayai ardhini, si juu ya ng'ombe. Ndiyo maana mifugo huogeshwa tena na tena, wala si mara moja kwa mwaka.

Ufumbuzi haukutoka katika chupa ya dawa mpya. Watafiti wa Australia walikaa wakahesabu siku. Waliona kwamba, katika maji ya nyuzi 27, yai huanguliwa kwa muda wa siku 11 hivi, na kwamba tangu yai hadi mnyoo aliyekomaa na kuweza kutaga ni siku 38 hivi. Maji yakiwa baridi zaidi, siku huongezeka. Kwa hesabu hiyo mfugaji aweza kupanga kazi yake: aogeshe leo, akwangue mayai, asubiri hadi yaliyobaki yaanguliwe, kisha aogeshe tena kabla kizazi kipya hakijataga. Kitawi kigeni akikalishe katika tangi la peke yake mpaka muda huo upite. Watafiti haohao waliwajaribu pia samaki mdogo mwenye mistari sita, anayepatikana hata katika bahari yetu, na aina fulani ya kamba. Waliwapunguza maadui kwa kiasi kikubwa, lakini hawakuwamaliza.

Sasa turudi Ufipa. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa mahindi katika nchi yetu, na mahindi hayo hayana usalama mpaka yatoke ghalani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia nchini, kupitia mkoa wa Tabora, mdudu ambaye wananchi walimwita dumuzi. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Kama yule mnyoo wa tangini, aliwaacha nyuma maadui zake wa asili. Wakulima waliotumia vumbi la dawa lililozoeleka kwa fukusi waliona fukusi wakifa na dumuzi akiendelea kutoboa. Ilionekana kwamba dawa iliyomweza fukusi haikumtosha dumuzi, na iliyomweza dumuzi haikumtosha fukusi, ikabidi zichanganywe. Ilionekana pia kwamba dumuzi hustawi zaidi katika mahindi yaliyo kwenye magunzi, kwa hiyo wakulima wakashauriwa kuyapukuchua kwanza. Naye hutoboa hata miti mikavu, hivyo nguzo za kihenge kikuukuu zaweza kumficha mpaka mavuno mapya. Mdudu mwingine anayemla dumuzi aliletwa kutoka kwao, akaachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Naye, kama samaki wa mistari sita, ni msaidizi tu.

Ninaloligombea hapa ni namna tunavyofundisha habari hizi. Mara nyingi mwanafunzi hukariri orodha: jina la mdudu, hasara zake, dawa yake. Akiulizwa mdudu huyo hukaa siku ngapi ndani ya punje kabla hajatoka, hunyamaza. Akiulizwa kama siku hizo ni sawa katika baridi ya Sumbawanga na katika joto la Bonde la Rukwa, hunyamaza zaidi. Na hilo ndilo swali ambalo mzazi wake nyumbani angefaidika nalo. Dumuzi hukamilisha maisha yake kwa muda wa wiki nne hivi katika joto la nyuzi 32. Joto hilo si la Ufipa wakati wa Juni na Julai, mahindi yanapokauka. Kalenda iliyotungwa mahali pengine haiwezi kunakiliwa hapa bila kupimwa.

Wapo watakaosema kwamba shule zetu hazina vyombo vya utafiti. Kazi ninayoipendekeza haihitaji tangi la matumbawe wala darubini. Chukua chupa mbili za kioo na mahindi yaliyokwisha kukaguliwa na kuanikwa juani. Tia fukusi ishirini katika kila chupa, funika kwa wavu wa waya wenye matundu madogo, na baada ya siku tatu watoe wote. Weka chupa moja katika chumba cha baridi na nyingine karibu na jiko, na pima joto la kila mahali asubuhi na alasiri. Kisha hesabu siku mpaka fukusi wa kwanza atoboe punje na kutoka. Katika joto la nyuzi 27 yapata wiki tano. Je, shuleni kwenu ni ngapi? Mkimaliza, yachomeni mahindi hayo, msiyatupe karibu na ghala. Shule iliyo mlimani na shule iliyo bondeni zikipelekeana hesabu zao, zitakuwa zimepata jambo ambalo haliandikwi juu ya pakiti ya dawa.

Jina la Sumbawanga huelezwa kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Sioni tofauti kubwa kati ya hirizi na vumbi la dawa, ikiwa anayelinyunyiza hajui linamuua nani, katika umri gani, na nani limemwacha ndani ya punje. Walimu wa sayansi wa Ufipa wanaweza kuiondoa hali hiyo kuanzia mavuno yajayo, kwa chupa mbili, kipimajoto kimoja na daftari.